Pikipiki Iliyopimwa kwa Mayai

Sehemu ya tano

Tulimwacha Gerald kwenye benchi la nyuma kanisani, jasho linamchuruzika mgongoni, huku nje watu wakipanga vitu vya mnada. Kama gazeti la wiki jana lilikupita usihangaike, nitakurudisha nyuma kidogo tu.

Gerald ni fundi pikipiki pale Ulemo. Alifiwa na mke zamani kidogo, anaishi na mdogo wake Jesca, na kwa kazi yake watu wanamwamini. Gerald akisema injini hii ni nzima, unanunua umefumba macho.

Usharika ukataka kumnunulia Mwinjilisti Raheli pikipiki ya safari ndefu. Huyu dada ndiye anayehudumia vile vikanisa vidogo vya bondeni, na pikipiki yake ya zamani ilikuwa imemtesa mgongo mpaka akishuka anatembea kama bibi kizee. Wauzaji wakaleta aina tatu zijaribiwe.

Rangila, spea zake utazikuta hata kwenye duka la chumvi na sabuni, lakini siti yake ni ubao uliovikwa ngozi. Hayashi haisumbui, ila siku ikisumbua utangoja spea mpaka usahau kwamba ulikuwa na pikipiki. Fengma ina siti pana, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na tangi kubwa, lakini ni mgeni. Kwa Iramba nzima, fundi aliyewahi kuifungua ni Gerald peke yake.

Watu wakabishana mpaka wakanuniana. Ndipo Mzee Michael, mwenyekiti wa kamati, akaamua kila pikipiki ibebe mayai kumi na tano ya kienyeji kwenda Kiomboi na kurudi. Itakayorudisha mengi mazima ndiyo yenye huruma na mgongo wa mtu. Kwetu hakuna asiyejua kusafirisha mayai, kwa hiyo wote wakaona hicho ni kipimo cha haki.

Kazi ya kuyafunga mayai akapewa Gerald, maana anaaminika. Na huyo Gerald anayeaminika akayachemsha ya Fengma.

Rangila ikarudisha sita. Hayashi ikarudisha kumi. Fengma ikarudi na yote, hata ufa hayana, vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakabweka. Gerald alipanga kuyabeba mayai yake kimya kimya ayale na Jesca, yaishe. Mzee Michael akamwahi. Akatangaza kwamba mayai ya ushindi ni sadaka, yatauzwa mnadani Jumapili baada ya ibada.

Hapo ndipo tulipoachana. Twende.

Ibada ikaisha. Watu wakazunguka meza nje ya kanisa. Kuliuzwa alizeti debe moja, jogoo mmoja na vitunguu, kisha Mzee Michael akainua kikapu.

"Haya! Mayai ya Fengma! Yamekwenda Kiomboi yamerudi, hata moja halijapata ufa! Nani anaanza?"

"Mimi!" Gerald akataja bei kabla mzee hajafunga mdomo.

Watu wakageuka. Bei ile ilikuwa ya kuku, si ya mayai.

"Naongeza," ikasema sauti nyembamba kutoka mbele. Alikuwa Bibi Elina, mjane wa jirani na kisima, fimbo mkononi.

Gerald akapandisha. Bibi akapandisha. Gerald akapandisha tena.

"Gerald, una nini wewe?" Mzee Michael akauliza. "Unashindana na bibi yako?"

"Nayapenda mayai, mzee."

"Kwako kuna kuku wangapi?"

Watu wakacheka. Sasa, mnada wa kanisani si kama wa sokoni. Bibi akikitamani kitu na mkono wake haufiki, watu wanamchangia mpaka akipate. Mmoja akatoa, mwingine akatoa. Gerald akajipapasa mifukoni, akaongeza kila alichokuwa nacho. Ndipo akapita mtu mmoja katikati ya watu, akaweka noti yake kwenye sahani ya kumchangia Bibi Elina, akamgeukia Gerald akitabasamu.

"Fundi, mwachie bibi."

Alikuwa Raheli mwenyewe. Gerald akaacha kupandisha.

Bibi Elina akapokea kikapu, akakishika kama mtoto mchanga. "Siyali haya! Namwekea kuku wangu mwenye kishungi ayaatamie. Mayai yaliyovumilia barabara ile yatatoa kuku majabari."

"Bibi, yametikisika mno hayo," mtu mmoja akasema.

"Hata mama yangu alipanda punda ana mimba yangu. Mbona nimetoka?" Kicheko kikalipuka. Bibi akainua mkono. "Na vifaranga vyote ni vya Mwinjilisti. Viuzwe, apate mafuta ya kwendea bondeni."

Vigelegele vikapigwa tena. Raheli akamkumbatia bibi, akafuta machozi.

Gerald naye alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, na moyoni alitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani Jesca alikuwa anamsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Kaka, yai la kuchemsha linaanguliwa?"

"Nyamaza, Jesca."

"Nauliza tu. Uliniambia ni mayai ya kazi. Sasa kazi yenyewe ndiyo ya kuku wa Bibi Elina?"

Gerald akaingia ndani, akakataa chakula. Njaa alikuwa nayo, ila kila akinyanyua tonge alimwona bibi amekumbatia kikapu.

Siku chache baadaye pikipiki ikanunuliwa. Gerald akafunga gereji mchana, akavaa koti lake kubwa la mvua lenye mifuko minne, na ndani ya mifuko akapanga mayai mabichi kumi na tano yaliyotagwa wiki ile. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Bibi Elina yuko shambani. Ataingia jikoni, atatoa ya kuchemsha, ataweka mabichi. Vifaranga vitachelewa kidogo, na hilo litapata maelezo.

Akatembea na koti la mvua jua likiwa utosini. Waliomwona walimpa pole ya ugonjwa.

Kuku mwenye kishungi alikuwa pembeni ya mafiga, ndani ya beseni kuukuu lenye majani. Gerald akachuchumaa. Akanyoosha mkono taratibu, huku akimbembeleza kama anayembembeleza mkwe.

Kuku akamdonoa mpaka damu ikatoka.

Akajaribu mkono wa pili. Kuku akavimba, akapiga kelele, akamrukia usoni.

"Hodi inapigwa kutokea nje," ikasema sauti nyuma yake. "Siyo ukiwa umeshaingia."

Gerald akageuka. Bibi Elina alikuwa mlangoni, jembe begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuku wangu amekukosea nini?"

"Nimekuja kumwangalia tu. Kama anaatamia vizuri."

"Na koti la mvua jua lote hili?"

"Nina homa, bibi."

"Masikini, mjukuu wangu." Bibi akaweka jembe chini, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mgonjwa, na bado unamfikiria kuku wa bibi yako. Mungu akubariki." Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

Ndani ya koti mayai yakaitikia. Kra. Kra. Kra.

Gerald akasimama kama mti. Ute ukaanza kuteremka ndani ya suruali, ukapita gotini, kiini cha njano kikatua juu ya kiatu. Bibi Elina akakitazama kiatu. Halafu akatazama paa la jiko kwa muda mrefu kidogo.

"Nenda kanywe uji wa moto," akasema.

Gerald akaondoka anatembea miguu imeachana, anashukuru kwamba macho ya bibi yamechoka. Shukrani gani hiyo, mtu kushukuru mwenzake haoni! Aliijua ni shukrani mbaya, ikamfuata mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata Bibi Elina alisimama wakati wa matangazo.

"Nimeyapima mayai kwa tochi," akasema, uso unang'aa. "Yote yana uhai!"

Watu wakasema amina. Gerald aliinamisha kichwa. Yai la kuchemsha ukilimulika ni giza tupu, na alijua kwamba yai lililojaa kifaranga nalo ni giza. Bibi ameona giza akadhani ni uhai, ndivyo alivyojiambia, na roho ikamuuma hivi kwamba alishindwa kuimba wimbo wa kutokea.

Upande wa Raheli mambo yalianza vizuri, na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe.

Kila alipotoka safari alipitia gereji. Gerald anakaza nati hapa, anatia mafuta kwenye cheni pale, hata kama haijakauka. Jesca analeta chai. Raheli anakaa kwenye benchi chini ya bati, anasimulia habari za bondeni.

"Fundi, mgongo wangu umepona kabisa. Jana nimekwenda mpaka kanisa la mwisho nikarudi, na ugali nikausonga mwenyewe."

"Hiyo ni siti, Mwinjilisti."

"Siti na aliyeichagua." Akacheka. "Walisema huduma yake itakuwa mbali. Mbali wapi? Huduma yake ni wewe, uko hapa."

Gerald akajifanya anatafuta spana. Jesca aliyekuwa amesimama na birika akamtazama kaka yake, akamtazama Raheli, kisha akamtazama tena kaka yake. Mgeni alipoondoka akaja akakaa palepale kwenye benchi.

"Sasa nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Rangila inatengenezwa na kila fundi. Hayashi haiharibiki. Fengma inakufahamu wewe tu, kwa hiyo kila wiki lazima aje." Jesca akatikisa kichwa. "Kaka, watu husema, 'Mwinjilisti, nakupenda.' Basi. Hawachemshi mayai."

"Punguza sauti."

"Mtu mzima na ndevu zako!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu mke wake afariki hakuwahi kusikia mtu akicheka chini ya bati lile, ila Raheli. Raheli alipokuwa na pikipiki ya zamani alikuwa anakuja kila wiki, inakufa, Gerald anaifufua. Waliposema itanunuliwa mpya, wote walifurahi, Gerald peke yake ndiye aliyeona kwamba anaibiwa. Akatafuta namna ya kutoibiwa, akamwibia mwenzake mgongo.

Siku zikasonga. Kisha likaja trekta, na juu ya tela kulikuwa na Fengma imelazwa ubavu, na pembeni yake Raheli amekaa anashikilia kiuno.

Gerald akakimbia. Akamsaidia kushuka. Alishuka kwa vipande, mguu mmoja, akapumzika, mguu wa pili.

"Imekuwaje, Mwinjilisti?"

"Ilianza kudunda kwenye mteremko wa kushukia bondeni. Kila jiwe nalisikia kwenye uti wa mgongo. Mara nikasikia kitu kimekatika nyuma, nikaanguka nayo."

Gerald akainama. Shokapu ya nyuma, ile ya kumeza mitikisiko, ilikuwa imevuja mafuta yote, na pale inaposhikwa na fremu chuma kilikuwa kimekatika. Siti laini ilikuwa imeficha yote. Shokapu ilikuwa nyembamba kwa mzigo na mawe ya kule, na yeye, fundi, alikuwa ameliona hilo siku ya kwanza alipozungushia kamba mayai. Aliliona, akalipita.

"Spea itapatikana?"

"Wakala wa Singida mjini hana. Itabidi aagize."

"Lini?"

"Sijui, Mwinjilisti."

Raheli akakaa taratibu kwenye benchi. Jesca akaleta chai, hakuigusa.

"Nilikuwa naenda kwa Bibi Luciana," akasema. "Yule mgonjwa wa kule chini. Alituma mtu aniite, tuimbe naye, tuombe pamoja. Nikaisukuma pikipiki, nikashindwa, nikaiacha porini nikatembea kwa miguu na huu mgongo. Nilipofika walikuwa wanamwosha."

Spana ikamtoka Gerald mkononi.

"Waliniambia aliulizia mara tatu kama sauti ya pikipiki imesikika."

Jesca akamkazia macho kaka yake mpaka yakamchoma.

"Na kosa ni langu," Raheli akaendelea.

"Lako?"

"La nani tena? Pikipiki ilibeba mayai kumi na tano kwenda Kiomboi na kurudi, halikupasuka hata moja. Mikononi mwangu haina hata mwezi, imevunjika. Pikipiki ni nzuri, Gerald. Mwendeshaji ndiye mbovu." Akajaribu kutabasamu. "Jumapili nitamwambia mchungaji bonde apewe mtu mwingine. Mimi nibaki hapa na watoto wa shule ya Jumapili. Sitaki mtu mwingine afe ananisikilizia."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Ungekuwa wewe, msomaji, ungesema. Gerald alifungua mdomo, akaliona lile neno limekaa kwenye ulimi, na badala yake likatoka jingine.

"Pole, Mwinjilisti."

Pole! Mtu amebeba lawama yako begani, wewe unampa pole kama mpita njia. Raheli akashukuru, akaondoka akitembea kwa kujishikilia ukutani. Gerald akabaki anaitazama shokapu, machozi yanamdondokea kwenye grisi.

"Utasema," Jesca akauliza nyuma yake, "au niseme mimi?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumamosi. Kwa Bibi Elina. Siku mayai yanapotakiwa kuanguliwa."

"Mbele ya watu?"

"Nilimdanganya mbele ya watu."

Jumamosi ikafika. Jikoni kwa Bibi Elina kulikuwa na watu kama wako kwenye kipaimara. Mzee Michael alikuwa amekuja na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, la kuwabebea vifaranga wa kanisa. Raheli alikuwa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani. Bibi mwenyewe alikuwa amevaa kanga mpya. Kuku mwenye kishungi ametulia kwenye beseni, hana habari na mtu.

Gerald akaingia na Jesca nyuma yake. Jesca akasimama mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa mmoja.

"Umefika wakati mzuri, fundi," Mzee Michael akasema, akavua kofia. "Tuombe. Tumshukuru Mungu kwa uhai wa mayai haya ambayo..."

"Mzee, samahani," Gerald akasema. "Usiyaombee."

Mzee Michael akafungua jicho moja. "Kwa nini?"

"Hayataanguliwa."

"Umejuaje?"

"Niliyachemsha."

Mzee Michael akavaa kofia tena, kwa vile maombi yalikuwa yamekatika.

"Uliyachemsha yapi?"

"Haya. Yote kumi na tano. Asubuhi ya kipimo, kabla sijayafunga. Fengma haikushinda kitu, mzee. Tulipigia vigelegele mayai ya kuchemsha." Alikuwa ameshaanza, na hakutaka kusimama. Akageukia kigoda. "Mwinjilisti, unajua kuendesha. Hujakosea hata nukta moja. Shokapu ile niliiona ni dhaifu tangu siku ya kwanza nikanyamaza. Mgongo wako ni mimi. Bibi Luciana kukusubiri ni mimi. Usiache bonde kwa kosa langu."

Uso wa Raheli ulikuwa umekauka.

Na hapo kwenye beseni kukasikika sauti.

Pyu.

Wote wakageuka.

Pyu, pyu.

Kuku akanyanyua bawa. Kichwa kidogo kilicholowa kikachungulia, kikatazama wajumbe wa kamati, kikarudi ndani.

Mzee Michael akamsogelea Gerald polepole. "Mwanangu, unaumwa?"

"Niliyachemsha, mzee! Nilitia na chumvi yasipasuke!"

"Aliyachemsha," Jesca akasema mlangoni. "Sufuria ni yangu."

"Sasa hiki ni nini?"

Gerald akapiga magoti kando ya beseni. Alimtazama kifaranga, akaitazama mikono yake. Kwa muda aliamini kwamba Mungu ameyafufua yale mayai ili amkomeshe.

Ndipo wakamsikia Bibi Elina. Alikuwa amejifunika uso mzima kwa ile kanga mpya, mabega yanamtikisika.

"Bibi, usilie," Raheli akasema.

"Silii." Sauti ikatoka ndani ya kanga. "Hayo siyo yale."

"Siyo yapi?"

"Hayo ni mayai ya kuku wangu mwenyewe. Yale ya sadaka nimeyala."

Mzee Michael akatafuta pa kukaa, akakalia boksi la vifaranga, likabonyea.

"Jumapili ile ile ya mnada nilirudi na njaa," Bibi Elina akasema, bado amejifunika. "Nikasema kumi na tano ni mengi kwa kuku mmoja, acha nikaange moja tu. Nikagonga, halimwagiki. Nikamenya, limeiva. Nikajaribu la pili, limeiva. Nikajua kuna mtu ametuchezea. Lakini ningemwambia nani, na mdomo wangu umejaa sadaka ya kanisa? Nikamwekea kuku mayai yangu, nikaendelea na yale kidogo kidogo mpaka yakaisha."

"Na nilipokuja na koti?" Gerald akauliza.

"Ulipokuja na koti nikajua ni wewe. Kiini kilikuwa kwenye kiatu chako, mjukuu wangu. Nikaona haya kukwambia kwamba nimekuwahi."

Jesca ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mlango. Mzee Michael akajitahidi kukunja uso wa mwenyekiti, ukamshinda, akacheka hadi kofia ikadondoka. Bibi akafunua kanga naye akacheka, machozi yanamtoka. Hata Gerald mdomo ulimcheza, kwa jinsi mzigo wa wiki zote zile ulivyokuwa umeshuka ghafla.

Raheli hakucheka.

Akainuka kutoka kwenye kigoda, mkono mmoja kiunoni, akasimama mpaka vicheko vikaisha kimoja kimoja.

"Habari ya mayai nimeielewa," akasema. "Kuna kitu kimoja sijaelewa. Wauzaji walikupa kitu?"

"Hapana. Naapa, hawakunipa."

"Ulijua Hayashi ni imara kuliko zote?"

"Nilijua."

"Ulijua Rangila ningepata spea hata kulekule bondeni, na Bibi Luciana ningemwahi?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini, Gerald?" Ilikuwa mara ya pili tu kumwita kwa jina. "Watu wanafanya ubaya kwa faida. Wewe faida yako ilikuwa nini?"

Jesca akakohoa. Bibi Elina akaiondoa kanga sikioni ili asikose neno. Mzee Michael akaokota kofia yake, akaishika kifuani, akasubiri.

Raheli akatoa ufunguo wa Fengma mfukoni, akaushika mkono wa Gerald wenye alama ya kudonolewa, akauweka kiganjani.

"Ukinijibu kweli, Jumatatu nitakwenda bondeni hata kwa Rangila yenye siti ya ubao, na fundi wangu utakuwa wewe. Ukinificha tena, kwenye gereji yako sitakanyaga mpaka nakufa. Kwa nini ulitaka nipande hii?"

Gerald alikuwa ameungama habari ya mayai, akadhani amemaliza. Kumbe lile lilikuwa dogo. Akikataa kusema, atakuwa amemdanganya mara ya pili, na safari hii hana hata sufuria ya kusingizia. Akisema, atakuwa anamposa mwanamke kwa mgongo aliomvunjia mwenyewe, na kaburi la Bibi Luciana halijakauka udongo.

Akautazama ufunguo. Akamtazama Raheli usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie jikoni mle.

"Nilitaka," akaanza, sauti ikamkatikia.

Nyuma yake kuku akanyanyua bawa, kifaranga wa pili akatoka, na hakuna aliyegeuka kumtazama.